Aliyefiwa Ametendewa Nini?

Chukua sentensi fupi ambayo kila msemaji wa Kiswahili ameisema au ameisikia: "Amefiwa na baba yake." Hakuna anayekwazwa nayo, na mtoto wa miaka sita anaielewa. Lakini ipeleke mbele ya kanuni ambayo wengi wetu tulifundishwa darasani, kwamba kitenzi kisichobeba yambwa (mtu au kitu kinachotendwa), yaani kitenzi si elekezi, hakiingii katika kauli ya kutendwa. Kanuni inakwama papo hapo. Kitenzi kilichozaa neno hili ni "fa", na kufa hakuna yambwa. Mtu hamfi mwenzake kama anavyomwita au anavyompiga. Hata hivyo hapa yuko mtu aliyetendewa, na aliyetenda, kama kufa kunaweza kuitwa kutenda, ni marehemu mwenyewe.

Neno hili nimelirudia mara nyingi kwa sababu naona linafichua kasoro kubwa katika namna tunavyofundisha aina za vitenzi. Tunaorodhesha: kitenzi kikuu, kitenzi kisaidizi, kitenzi kishirikishi, elekezi na si elekezi. Mwanafunzi anakariri, anapigia mstari vitenzi katika sentensi kumi, anapata alama zake. Orodha yenyewe si uongo. Tatizo ni kwamba inamfanya aamini kuwa kitenzi huzaliwa na aina yake na kufa nayo, ilhali katika Kiswahili aina ni kitu ambacho kitenzi hukibadilisha ndani ya mwili wake, silabi kwa silabi.

Tazama jinsi "fiwa" linavyojengwa. "Fa" kina nafasi moja tu, ya anayekufa. Kipe kiambishi cha kutendea, kinakuwa "fia": "Baba amemfia." Nafasi ya pili imefunguka, na anayeikalia ni yule ambaye kifo kimemfikia bila yeye kufa. Hapo ndipo kauli ya kutendwa inapopata mtu wa kumpandisha mbele ya sentensi: "Amefiwa." Hata ile "ku" inayong'ang'ania katika "amekufa" imeanguka, maana shina limeongezeka silabi na halihitaji tena kuegemezwa.

Mwalimu atanijibu kwamba umbo hili lina jina lake, kauli ya kutendewa, na limo vitabuni. Ni kweli limo. Lakini jina likitolewa bila maelezo linageuka kuwa safu nyingine kwenye jedwali, baada ya kutendea na kabla ya kutendana, na mwanafunzi haoni kilichofanyika: lugha imechukua kitenzi chenye mtu mmoja, ikakifungulia nafasi ya pili, kisha ikamhamisha aliyekaa katika nafasi hiyo hadi kwenye kiti cha mbele. Ni hatua mbili, na zina mpangilio. Huwezi kufika ya pili bila kupita ya kwanza, ndiyo maana hakuna "amefwa".

Ukishaijua njia hiyo unaanza kuwaona ndugu zake kila mahali. Mvua hunyesha, nasi tunanyeshewa. Wageni huja, nasi tunajiwa. Mtu hulala, na kitanda kinaonekana kimelaliwa. Ninayempenda zaidi ni "chelewa". Asili yake ni "cha", kile cha alfajiri tunachokisikia katika "kumekucha". Aliyechelewa, kwa asili ya neno, ni mtu aliyekutwa na kucha: asubuhi ilimfikia kabla hajaondoka. Leo tunasema "treni imechelewa" saa kumi jioni bila kuikumbuka alfajiri hata kidogo, lakini mifupa ya neno bado imo ndani yake.

Sasa sikiliza Kijapani. Mjapani aliyefiwa na baba anaweza kusema "chichi ni shinareta". "Shinu" ni kufa, na "shinareta" ni umbo lake la kutendwa, wakati uliopita. Aliyenyeshewa atasema "ame ni furareta", kutokana na "furu", kunyesha. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimeona haja moja, na hata zimechagua mifano ileile ya kifo na mvua. Tofauti iko kwenye ufundi. Kijapani hakipiti kwenye kutendea. Kauli yake ya kutendwa yenyewe ndiyo inayofungua nafasi ya mtu wa ziada, na mtu huyo kwa kawaida anakuwa amepata dhara au usumbufu. Kiambishi chetu cha "-i-" na "-e-" hakina upande: tunaweza kujiwa na wageni tukafurahi.

Kijerumani nacho huvitia vitenzi visivyo na yambwa katika kauli ya kutendwa, lakini kwa nia iliyo kinyume kabisa. "Es wurde getanzt" ni sentensi ya kutendwa ya kitenzi "kucheza ngoma", na ndani yake hakuna mtu hata mmoja. Inasema tu kwamba uchezaji ulifanyika. Kiswahili na Kijapani hutumia kutendwa kumwingiza mtu wa ziada, na Kijerumani hapa hukitumia kumwondoa yule mmoja aliyekuwepo. Kanuni tuliyokariri ingezikataa lugha zote tatu.

Mfaransa Lucien Tesnière alikuwa na njia ya kulitazama jambo hili ambayo naiona bora kuliko ya elekezi na si elekezi. Katika kitabu chake kikuu, kilichotoka mwaka 1959, miaka mitano baada ya kifo chake, alikifananisha kitenzi na atomu yenye kulabu: baadhi ya vitenzi vina kulabu moja ya kunasa mshiriki, vingine mbili, vingine tatu, na vichache havina hata moja. Alisema pia kwamba sentensi ni kama mchezo mdogo wa kuigiza ambao kitenzi ndicho kinachoamua wahusika ni wangapi. Swali basi linakuwa jepesi zaidi na la kweli zaidi: kitenzi hiki kinawaita wangapi?

Mvua ndiyo mtihani mzuri wa swali hilo. Kilatini kilisema "pluit", Kihispania kinasema "llueve", neno moja tu, na hakuna anayetenda. Hivyo ndivyo vitenzi visivyo na kulabu. Kiingereza hakivumilii nafasi ya mbele iliyo tupu, kwa hiyo kinaweka "it" isiyorejelea kitu chochote. Kirusi kinaipa mvua miguu: "dozhd' idyot", mvua inakwenda. Sisi tunasema "mvua inanyesha", tukaifanya mvua kuwa mtendaji kamili. Na neno "nyesha" lenyewe lina siri yake: ni umbo la kutendesha la "nya", kitenzi cha zamani cha mvua kinachosikika sasa kwa nadra sana katika maana hiyo. Kwa umbo lake, basi, mvua yetu haianguki bali inasababisha kuanguka, ingawa kinachoangushwa ni mvua hiyohiyo.

Sisi tunaongeza kulabu kwa silabi, na wengine huongeza kwa kitenzi kizima. "Ananipikia" katika Kichina ni "tā gěi wǒ zuò fàn", neno kwa neno "yeye -pa mimi -fanya chakula". Kazi ya "-i-" yetu inafanywa na "gěi", kitenzi cha kupa, kikisimama kabla ya kitenzi kingine. Kiyoruba hufanya jambo la jamii hiyohiyo kwa "fún", ambalo nalo maana yake ni kupa, na kuleta kitabu ni "mú ìwé wá": shika kitabu njoo. Mtu aliyezoea Kiswahili anaweza kudhani hiyo ni hesabu ya vitenzi viwili na vitendo viwili. Kitendo ni kimoja, lugha imekigawa tu kwa vitenzi viwili visivyounganishwa na chochote.

Nisiionee bure dhana ya elekezi. Kuna lugha ambamo mgawanyo huo ni ukuta wa nyumba. Katika Kibaski, "mvulana amekuja" ni "mutila etorri da", na "mvulana amekula mkate" ni "mutilak ogia jan du". Mvulana amebadilika umbo, kutoka "mutila" kuwa "mutilak", kwa sababu tu kitenzi cha pili kina yambwa, na kisaidizi nacho kimebadilika kutoka "da" kuwa "du". Kihindi hufanya kitu kinachokaribiana na hicho, lakini kwa vitendo vilivyokamilika tu, na hapo kitenzi huacha kukubaliana na mlaji na kukubaliana na kinacholiwa. Mwalimu wa Kibaski akianza na elekezi na si elekezi anaanza mahali sahihi. Sisi tumeukuta mgawanyo huo katika sarufi za lugha nyingine, tukauhamishia kwenye lugha ambayo msemaji wake anabadilisha idadi ya washiriki apendavyo.

Na si kuongeza tu, tunapunguza pia. "Mtoto amevunja kikombe" ina wawili. "Kikombe kimevunjwa" imemficha mtoto, lakini tunajua yupo na tunaweza kumrudisha kwa "na". "Kikombe kimevunjika", kauli ya kutendeka, imemfuta. Ukisema "kimevunjika na mtoto", sikio linakataa. Kiingereza kinatumia "broke" ileile kwa kikombe na kwa mtoto, na mpangilio wa maneno ndio unaoamua. Kihispania husema "se rompió", na kikitaka kumtaja mtu aliyekuwa karibu bila kumlaumu, "se me rompió". Hilo la pili wanafunzi wa Kihispania huambiwa ni la ajabu, kumbe tunalo: "kimenivunjikia". Kikombe kimevunjika chenyewe, na mimi nimo kwenye sentensi kama mtu aliyepatwa, si kama mkosaji.

Ninaposoma taarifa rasmi yoyote naanza na viambishi hivi. "Fedha zimepotea." "Makosa yalitendeka." "Kumbukumbu zimeharibika." Waandishi wa taarifa za namna hiyo hawasemi uongo, kwa sababu kauli ya kutendeka haidai kwamba hakuna aliyetenda. Inakosa tu mahali pa kumweka. Kijana anayefundishwa kutendeka kama safu ya jedwali hapewi silaha hii, na naona ni hasara, maana kukielewa kiambishi kimoja kunamtosha kuuliza swali ambalo mwandishi wa taarifa alitaka lisiulizwe.

Mpangilio wa viambishi nao unasema. Kumpiganisha mtu na mwenzake ni kuwafanya wapigane: kutendana kumetangulia, kutendesha kukafuata. Pigishana ni kila mmoja kumfanya mwenzake apige. Sauti ni zilezile, foleni imegeuzwa, na wahusika wamebadilishana kazi.

Kuna mgawanyo mwingine ambao ningependa uchukue nusu ya muda tunaoupa elekezi na si elekezi, nao haugusi idadi ya washiriki bali umbo la tukio katika wakati. Mwaka 1957 mwanafalsafa Zeno Vendler alichapisha makala iliyogawa vitenzi vya Kiingereza katika makundi manne: hali, shughuli, shughuli zenye kikomo, na matukio ya papo hapo. Kujua ni hali. Kukimbia ni shughuli. Kujenga nyumba kuna kikomo. Kufika ni papo hapo. Makundi hayo yamejadiliwa na kurekebishwa sana tangu wakati huo, lakini wazo la msingi linatufaa sisi zaidi hata ya Waingereza, kwa sababu katika Kiswahili linaamua uchague "-na-" au "-me-".

"Anajua" ni hali ya sasa. Lakini hali ya sasa ya kuchoka si "anachoka". Ni "amechoka". "Anachoka" maana yake uchovu unaingia. Vivyo hivyo amelala, amesimama, amekaa, amevaa, amenyamaza, amekasirika. Vitenzi hivi kwetu havitaji hali, vinataja mlango wa kuingilia. Ukishapita mlangoni, "-me-" inasema uko ndani. Kiingereza husema mtu yuko "sleeping", "standing", "wearing", vyote kwa umbo moja la kitendo kinachoendelea, na hapo ndipo tafsiri zinapoteleza. Nimekutana mara nyingi na maandishi yanayomtaja "mwanamume anayevaa shati jeupe" wakati mtu huyo alikwisha kulivaa tangu asubuhi. Ni aliyevaa. Kosa hili haliandikwi na watu wasiojua Kiswahili. Linaandikwa na watu ambao hawakuambiwa kamwe kwamba "vaa" na "jua" ni vitenzi vya aina mbili tofauti, kwa sababu kwenye orodha yetu vyote viwili ni "kitenzi kikuu", na vyote viwili ni elekezi.

Kijapani kingewasaidia. Umbo lake la "-te iru" kwa kitenzi cha kula linatoa "tabete iru", anakula. Umbo lilelile kwa kitenzi cha kufa linatoa "shinde iru", na maana yake ni amekufa, wala si anakufa. Kuoa au kuolewa ni "kekkon shite iru", ambalo si sherehe inayoendelea bali mtu aliye ndani ya ndoa. Umbo ni moja, na aina ya kitenzi ndiyo inayoamua lisomwe vipi. Warusi wamelipeleka jambo hili mbali zaidi kwa kuwapa vitenzi vyao maumbo mawili mawili: "on pisal pis'mo", alikuwa katika kuandika barua, na "on napisal pis'mo", aliiandika ikaisha. Msemaji wa Kirusi lazima achague kabla hajafungua kinywa.

Vishirikishi, yaani vitenzi vya "ni" na "kuwa", nitavipitia kwa haraka. "Ni" haina nafsi wala njeo (alama ya wakati), haikubali kiambishi hata kimoja, na bado tunaiita kitenzi, kipungufu. Kiarabu na Kirusi hazihitaji hata hiyo katika wakati uliopo: zinaweka jina kando ya jina na sentensi imetimia. Zikirudi wakati uliopita, kitenzi cha kuwa kinatokea, "kāna" na "byl", kama kwetu "ni" inavyompisha "alikuwa". Na kitenzi cha kawaida cha kuwa na kitu hatuna, ukiacha kile kizito cha "miliki". Tunasema tuko pamoja na kitu, "nina", "nilikuwa na". Mrusi anasema kitu kiko kwake, Mfini naye anasema hivyo kwa "minulla on". Kumiliki kwa kitenzi chake maalumu, kama wafanyavyo Waingereza na Wafaransa, ni chaguo moja tu kati ya mengi.

Nimalizie na vitenzi ambavyo maana imevitoka. Kamusi inaanza "piga" kwa kuelezea mkono unaogonga kitu. Kisha tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga magoti, tunapiga kura, tunapiga mswaki. Katika hizi zote maana imebebwa na nomino, na "piga" imebaki kubeba nafsi na njeo. Wasemaji wa Kiajemi wana "zadan", ambacho maana yake ya kwanza ni kupiga. Nao husema "telefon zadan", kupiga simu, na "mesvāk zadan", kupiga mswaki. "Harf zadan", kupiga neno, ni kuzungumza. Mswaki wao na wetu umetoka Kiarabu, hilo linaeleweka, lakini mkono wa kuupiga ni wa kila lugha peke yake. Kiajemi kimetegemea njia hii kiasi kwamba vitenzi vyake vingi ni vya maneno mawili. Huko Papua Guinea Mpya, Kikalam kinaendesha maisha yote kwa mizizi ya vitenzi ipatayo 130, kikiipanga foleni ili kusema kile ambacho sisi tungekisema kwa kitenzi kimoja.

Orodha yetu haina mahali pa "piga" hii. Si kisaidizi, maana haifuatwi na kitenzi. Kuiita kikuu ni kuipa ukuu ambao imeushiriki na nomino.

Visaidizi navyo havitulii. "-Ta-" ya wakati ujao ilikuwa "taka", na ushahidi haujafutika: tunasema "atakuja", lakini tukiweka urejeshi "taka" nzima inajitokeza, "atakayekuja". Wagiriki walifika hapo kwa njia hiyohiyo, kitenzi chao cha kutaka, "thelo", kikasinyaa kuwa "tha", na "will" ya Kiingereza nayo ilianza kwa kumaanisha kutaka. Wafaransa walitumia kitenzi cha kuwa na kitu, kikagandamana na mwisho wa kitenzi kikuu, ndiyo "-ai" ya "chanterai". Kwetu jambo hili linaendelea mbele ya macho yetu. "Nimekwisha kula" ilikuwa maneno mawili, kisaidizi na kikuu, kila kimoja mahali pake. Ikawa "nimeshakula", neno moja. Siku hizi tunasikia "nishakula", na hata "-me-" imeondoka. Mwambie mwanafunzi apigie mstari kitenzi kisaidizi katika ile ya kwanza, ataweza. Katika ile ya tatu kisaidizi kimebaki silabi moja, "sha", na hiyo nayo imechukua kiti cha njeo.